Mwaka wa Bakuli la Maua

Tulimzika Nesi Felista mwezi uliopita, hapa hapa Bariadi, kwenye kiwanja alichokinunua alipostaafu. Ndugu zake walikuja kutoka Kagera wakitaka kumsafirisha, lakini alikuwa ameacha neno kwamba asisumbuliwe na safari ndefu akiwa hawezi kuchungulia dirishani. Kabla jeneza halijashushwa, katekista aliuliza kama yupo aliyefanya kazi na marehemu aseme machache. Watu wakanigeukia mimi. Nilisimama, nikashika ncha ya kanga yangu, nikasema, "Alikuwa mtu mzuri," nikaketi. Hiyo ndiyo hotuba yangu yote. Baadaye, masinia ya wali yalipowekwa chini na wanawake wakaanza kujigawa makundi, mama mmoja mnene alikuja akajibana kando yangu, akanawa, akatumbukiza mkono kwenye sinia langu kabla hata ya kunisalimia. "Hotuba ndefu namna ile," akasema, "mpaka miguu imekufa ganzi." Alikuwa Limi. Nilicheka msibani mpaka nikaona aibu. Tulikula mimi na yeye na wanawake wengine watatu, vidole vyetu vikigongana kwenye kipande kimoja cha nyama, na hakuna mtu aliyetutazama mara mbili. Niliporudi nyumbani nikamwambia mjukuu wangu aniletee karatasi. Shule yangu ni ya darasa la saba na mkono wangu ni mzito. Huyo mjukuu anasema kalamu yangu inatembea kama ng'ombe mgonjwa. Lakini ng'ombe mgonjwa naye hufika kisimani akiachwa atembee. Yale niliyoshindwa kuyasema kaburini nitayaandika hapa.

Mwaka ninaousimulia ni ule ambao wanunuzi binafsi wa pamba waliingia kijijini kwetu na malori yao. Zamani pamba ilipelekwa ushirika, ikapimwa, mtu akarudi nyumbani kungoja. Mwaka ule walikuja vijana wenye miwani ya jua na mizani mipya, wakatandaza maturubai barabarani, na mnadani vikajaa vitu ambavyo sisi wasichana tulikuwa tukivisikia tu: sabuni za kunukia, mitumba iliyofungwa marobota, chupa za chai zenye picha za ndege, na vyombo vya bati vilivyopakwa rangi nyeupe na kuchorwa maua mekundu. Mimi nilikuwa nimemaliza shule miaka michache nyuma, na mwaka uliotangulia nilikuwa nimeugua. Sitaeleza sana ugonjwa wenyewe. Nilianza kukosa usingizi, kisha nikasikia watu wakinizungumza ndani ya mabati ya nyumba, na mwishoni nilikuwa naondoka mchana kweupe kuelekea ziwani nikidhani nimeitwa. Walinipeleka kwanza kwa mfumu, ndivyo tunavyomwita mganga wa kwetu, kisha hospitali, juu ya mkokoteni wa ng'ombe, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Nililala katika wodi ambayo watu wa mjini waliiita Wodi ya Nyuma, kwa sababu ilikuwa nyuma ya jengo la kufulia, hadi mvua zikaanza na zikakatika.

Nilipotoka, mama yangu alikuwa ameninunulia bakuli. Aliuza kuku wake wawili mnadani na kurudi na lile bakuli limefungwa kwenye kitenge kama mtoto. Lilikuwa jeupe, lina maua mekundu pembeni na ua moja kubwa katikati, ambalo ulikuwa hulioni mpaka umalize chakula. Kwetu hapakuwa na chombo kizuri kama kile. Jioni ile wanawake wa nyumbani walikaa chini kando ya jiko, mama, shangazi na wadogo zangu, wakizunguka sahani moja kubwa ya ugali wa mtama na bakuli moja la mboga, kama walivyokaa siku zote. Nami nikanawa mikono nikaenda kukaa mahali pangu. Mama akanishika bega taratibu, akanionyesha kigoda karibu na mafiga. "Wewe chakula chako hiki hapa, mwanangu. Nimekutengea vizuri." Alikuwa amenipa ugali wa moto kuliko wao na maziwa mgando mpaka ukingoni. Aliyasema yale kwa upendo, na mpaka leo sina shaka na upendo ule. Kwetu watu walikuwa wanaamini ugonjwa wa kichwa unaweza kufuata mate, hivyo aliyeugua alitengewa chombo. Wengine walitengewa kibuyu kilichopasuka, mimi nikatengewa bakuli la maua. Nililichukua, nikasema asante, nikala nikiwatazama. Hakukuwa hata na umbali wa kunyoosha fimbo kati ya kigoda changu na sahani yao. Shangazi alikuwa akisimulia habari ya jirani aliyegombana na mbuzi, wote wakacheka, nami nikacheka kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayesikiliza redio ya nyumba ya pili.

Kila mwezi nilirudi hospitali kuchukua vidonge, na huko ndiko Nesi Felista alikonikamata. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti nzito, na Kisukuma chake kilikuwa kibaya kiasi kwamba wagonjwa walikuwa wanaamka ili wamsikie akisalimia. Aliniuliza siku ile, huku akihesabu vidonge vyangu, "Kabula, Jumatatu una kazi gani?"

"Shamba."

"Jumanne?"

"Shamba."

"Na Jumatano?"

Jumatano ilikuwa siku ya mnada, watu wote walikwenda, na mimi nilikuwa nimeacha kwenda kwa sababu nikipita watu walikuwa wananyamaza kwanza halafu wanaendelea kuongea. Nesi hakungoja jibu. "Basi Jumatano ni yangu," akasema. "Utakuja wodini."

"Nifanye nini?"

"Ukae."

"Nikae nikifanya nini?"

Akaacha kuhesabu. "Wewe ulipolala pale dirishani, nani alikaa na wewe?"

Nikafikiri. Walikuwepo waliopita wakifagia, waliotoa dawa, waliokuja kuangalia kama nimelala. Nilikumbuka viatu vyao vizuri kuliko nyuso zao. "Hakuna," nikasema.

"Haya. Nesi ninaye, ni mimi. Daktari yupo. Mtu aliyelala kitanda kile akaamka, huyo ndiye sina."

Kisimani habari zilifika kabla yangu. Nilikuwa nimeinama nikijaza ndoo nikamsikia jirani yetu mmoja akisema kwa sauti ya mtu anayejua anasikika, "Wenzake wakitoka kule hawaangalii nyuma. Huyu anarudi na kikapu, kama anakwenda ukweni." Mwenzake akajibu, "Labda ameacha kitu." Wakacheka. Nikajitwika ndoo nikaondoka. Nilikuwa mtu wa kupata jibu kesho yake. Lakini leo, baada ya miaka yote hii, nikikaa barazani namjibu yule mama, ambaye naye ametangulia: ndiyo, nilikuwa nimeacha kitu, na mwaka ule nilikwenda kukichukua.

Jumatano ya kwanza nilibeba michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, nikavichemsha na karanga kwenye banda la nyuma ambalo ndugu za wagonjwa walipikia. Uani, kwenye benchi la ukuta wa upande wa wanaume, alikaa Mzee Ngasa. Alikuwa mpimaji wa pamba wa ushirika, amevaa koti hata kukiwa na joto. "Mwadila, mayu," alinisalimia kwa heshima kubwa, kama salamu ya mchana inavyopaswa, akiniita mama, ingawa nilikuwa na umri wa binti yake wa mwisho. "Unajua mimi kwa nini niko hapa? Nilisimama barabarani nikasema mizani ya wale vijana inapumua, unaweka mzigo inashusha pumzi. Wakasema nimechanganyikiwa. Sasa kijiji kizima kinasema hivyo hivyo, na mimi bado niko ndani." Sikujua kama nicheke. Akanisaidia, akacheka yeye kwanza. Alikuwa na mambo mengine zaidi ya mizani yaliyomleta, naye aliyajua, lakini ile ya mizani ndiyo aliyowapa wageni.

Ndani, chumba kilikuwa kile kile. Ukuta umepakwa rangi ya bluu mpaka mabegani na nyeupe kuanzia hapo, dirisha lina wavu, blanketi za kijivu, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ikichanganyika na uji. Kwenye kitanda changu alilala msichana wa rika langu, amegeukia ukuta, na chini ya kitanda kulikuwa na bakuli la plastiki la uji uliokwisha kuganda ngozi juu. Nesi aliniambia anaitwa Limi, ameolewa kijiji cha Nkoma, na ameugua baada ya kujifungua. Alikuwa akimwogopa mtoto wake. Alisema mtoto anamtazama kwa macho ya mtu mzima. Siku moja alimlaza kwenye mkeka akakimbilia shambani kwenye pamba, wakamtafuta mpaka jua lilipokuwa utosini. Sasa macho ya mtoto hayamtishi tena, Nesi alisema, usingizi umerudi, lakini hali chakula. "Kila chakula anakitazama kama barua ya polisi. Mpaka nimwombe, nimkazie macho. Nikiwaambia kwao kwamba hali, hawatakubali kwamba amepona."

Niliketi sakafuni karibu na kitanda. Nikaweka sahani ya michembe katikati na kwa kuwa nilikuwa na njaa ya safari nikaanza kula. Nilikula taratibu. Nje Mzee Ngasa alikuwa akimweleza mtu habari za mizani. Baada ya muda nikasikia springi za kitanda zikilia. Limi alikuwa amegeuka, ananitazama mkono, siyo uso.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Kabula. Mwaka jana kitanda hicho kilikuwa changu. Springi ya katikati inachoma, ulale upande wa ukuta."

Akaipapasa springi kwa kiganja. Kisha akauliza swali ambalo sikutegemea kuulizwa na mtu yeyote duniani. "Na wewe walikutengea chombo?"

Nikasema ndiyo. Nikamweleza maua. Akasikiliza mpaka kwenye ua la katikati lile la kujificha. "Langu lilikuwa kopo la maziwa ya unga," akasema. "Nilikuwa nakula nyuma ya jiko. Mama mkwe ananiletea mwenyewe, hamtumi mtoto. Ananiletea vizuri. Lakini mtu akiletewa chakula nyuma ya jiko, anajua bado hajarudi." Halafu akashuka kitandani, akakaa sakafuni, akachukua kipande cha mchembe kutoka upande wangu wa sahani. Tukala mpaka tukaziona karanga zilizobaki chini, nazo tukazigawana.

Tangu siku ile kazi yangu ilikuwa hiyo. Watu wakisikia kwamba niliwasaidia wagonjwa wanadhani nilikuwa na maneno mazuri. Sikuwa nayo. Nilipika nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga, nilipika mlenda, nikasonga ugali kwenye sufuria lililopinda, nikaweka sahani moja kubwa katikati ya chumba, wanawake wote waliotaka wakaizunguka, na mimi nikala nao. Aliyelia tulimwacha alie, tukamsogezea mboga. Aliyesikia sauti ambazo sisi hatukuzisikia nilimwuliza zinasema nini, kwa sababu mimi nilipokuwa nazisikia watu waliniambia tu nyamaza. Akiniambia nilimjibu, "Zangu nazo zilikuwa na matusi. Zilichoka zenyewe, vidonge vikasaidia." Mama mmoja kutoka Mwamapalala, aliyekuwa hasemi na mtu, alinishika shavu baada ya kusikia hivyo na kulikagua kama anayenunua ndama. "Huyu ni mzima kabisa," akawatangazia wenzake. Nilikwenda nyumbani siku ile nikitembea katikati ya barabara. Nesi Felista alikuwa akipita mlangoni na sinia la dawa, anasimama kidogo, anachota tonge moja akiwa amesimama, anasema kwa Kisukuma chake kibaya kwamba chumvi imepungua, anaondoka. Najua sasa kwamba chumvi haikupungua. Alitaka tumwone akila.

Mavuno ya pamba yalipokuwa yakielekea mwisho na watu wengi wako mashambani, Nesi aliniita kwenye chumba chake kidogo cha dawa. "Wanakuja Jumatano, wa kwao Limi. Mume na mama mkwe. Daktari ameshasema anaweza kutoka. Lakini wao wamesema watamtazama kwanza. Wakiridhika, anakwenda nao nyumbani kwa mtoto wake. Wasiporidhika, watamrudisha kwa wazazi wake." Hakuhitaji kunieleza yanayofuata. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kutolewa, mtoto ni wa upande wa baba. Limi angerudishwa kwao mikono mitupu, na yule mtoto angekua akiambiwa mama yake aliugua. Limi mwenyewe aliyajua. Juma zima alikuwa akisuka na kufumua nywele zake. "Nikitetemeka watasema bado," aliniambia. "Nikicheka sana watasema bado. Wewe Kabula, mtu mzima anakaaje? Nimesahau." Tukafanya mazoezi ya kukaa. Nilimwambia akae kama ninavyokaa mimi, akasema mimi nakaa kama mtu anayesubiri kufukuzwa, na kwa mara ya kwanza tulicheka mpaka wodi nzima ikacheka bila kujua sababu.

Jumatano ile Nesi aliitwa wodi ya wazazi, kulikuwa na mama anayejifungua kwa shida. "Kaa naye," aliniambia akikimbia. Hivyo walipofika nilikuwa mimi tu. Mama mkwe, ambaye watu walimwita Mama Jilala kwa jina la mwanawe, alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye hatua za haraka. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto, amelala. Jilala alifuata nyuma na kapu, kijana mwenye shati jipya la mtumba, akitazama vitanda kwa jicho la pembeni. Limi alipiga magoti akasalimia, sauti yake haikutetemeka. Mama Jilala akaitikia, akamwuliza habari za mwili, Limi akajibu. Akamwuliza kama anamjua huyu aliyeko mgongoni, Limi akasema, "Ni Masanja wangu," na macho yake yakabaki kwenye kisogo kile kidogo. Nilianza kupumua.

Kisha Mama Jilala akafungua kapu. Alikuwa amepika kuku, siyo kwa haraka, kuku wa karanga, na ugali wa mtama uliofungwa kwenye kitambaa ukiwa bado moto. Akatoa sahani kubwa. Halafu akatoa, kutoka kwenye karatasi ya mnadani, kitu kipya kinachong'aa, akakipangusa kwa ncha ya kitenge. Lilikuwa jeupe na maua mekundu pembeni. Nilijua bila kuchungulia kwamba katikati lina ua kubwa. "Nimekununulia leo hii, mkamwana wangu," akamwambia Limi. "Lile kopo nimelitupa. Ukirudi nyumbani utakula kwenye hili." Akamchagulia paja, akamwekea na firigisi, ambayo kwetu hawapewi wanawake mara nyingi, akamsogezea. Chakula kingine chote kilibaki kwenye sahani.

Limi alilitazama lile bakuli. Mikono yake iliyokuwa imekwisha kunawa ilirudi mapajani, ikajificha ndani ya kanga. Mama Jilala akangoja. Akasema kwa upole, "Kula." Limi hakula. Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Unaona? Hata kuku anamkataa. Haijatulia akili hii." Jilala akaitikia kwa kichwa, akashika masikio ya kapu kama mtu anayejiandaa kusimama.

Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda kile kile. Nilimtafuta Nesi kwa macho mlangoni, hakuwepo. Nikapiga magoti. "Mayu," nikasema, "naomba niseme neno."

"Wewe ni nesi?"

"Hapana. Nililala kitanda hiki mwaka jana. Nilikuwa mgonjwa kama Limi, nilifungwa kamba."

Jilala alisogeza kigoda chake nyuma kidogo. Nilikisikia kikikwaruza sakafu, na nilijua kwamba kabla ya jua kuzama Nkoma nzima itakuwa imekijua kisa changu, na kutoka Nkoma mpaka kwetu habari haihitaji baiskeli. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutoka, na mengine yalikuwa nyuma yake yanayasukuma. "Nilipopona mama yangu alininunulia bakuli kama hilo. Maua hayo hayo. Ni zuri, mayu, kwetu hakuna chombo kizuri kama kile. Wenzangu wanakula pamoja, mimi nakula kwenye bakuli langu karibu na mafiga. Kila nikilishika nakumbuka kwamba bado naumwa. Limi hakatai kuku. Hapa anakula kila siku, tunakula wote kwenye sahani moja."

"Mama yako alikununulia kwa kukuchukia?" Mama Jilala aliniuliza. Sauti yake ilikuwa imekaza.

"Hapana. Kwa kunipenda."

"Na mimi pia."

"Najua, mayu. Nimeona firigisi."

Jilala akadakia, "Lakini hii kitu inafuata mate."

"Nimekula naye Jumatano nyingi," nikasema. "Sijaumwa."

"Wewe ulishaumwa," akajibu Jilala, nalo lilikuwa jibu zuri.

Aliyefuata kusema ni mama yake. Hakunijibu mimi wala hakumjibu yeye. Alimgeukia Limi, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwuliza tangu augue, badala ya kuwauliza wengine habari zake. "Limi. Ndivyo anavyosema?"

"Ndivyo, mayu," Limi akasema. "Nakula vizuri nikila na watu."

Mama Jilala akalichukua lile bakuli jipya kwa mikono miwili. Nilidhani analirudisha kapuni. Akalifudikiza juu ya sahani kubwa, paja, firigisi na mchuzi wote, likatoa mlio, akaligonga kwa nyuma mara moja kama mtoto anayetoa keki ya udongo koponi, akaliweka kando. Kisha akamtazama mwanawe. "Wewe umekaa unangoja nini? Utakula na wanawake? Chukua chakula chako uende ukale na wanaume wenzako."

"Wanaume gani, mama?"

"Nimemwona mzee mwenye koti pale nje."

Mwanamume wa kwetu hawezi kukaa kwenye sahani ya wanawake, mbele ya mkewe na wageni, wala hawezi kula peke yake kama mchoyo wakati mzee amekaa uani. Akakatiwa ugali wake na kuku wake, akatoka. Tulimsikia Mzee Ngasa akimkaribisha kwa furaha kubwa: "Karibu, mwanangu, nawa hapa. Vipi, huko kwenu mizani inapumua?" Kisha sauti ya Jilala, ya uchungu wa kweli, "Inapumua, mzee. Msimu huu imetumaliza." Baada ya hapo hawakunyamaza tena.

Ndani tulizunguka sahani. Mama Jilala alikula tonge la kwanza, la pili akalichovya pale pale Limi alipochovya. Yule mama wa Mwamapalala alikaribia bila kualikwa, akapewa nafasi. Mtoto mgongoni akaamka, akaanza kulia. Mama Jilala alijaribu kumtikisa kwa mabega, hakunyamaza, na vidole vyake vilikuwa vimejaa mchuzi. Akamgeuzia Limi mgongo. "Hebu mfungue huyu umshike," akasema huku akitafuna, "mikono yangu ina mboga." Limi akanawa. Akafungua fundo la kitenge, taratibu, akampokea mtoto mapajani, akamtazama machoni, na mtoto akamtazama yeye. Mama mkwe aliendelea kula akiwa ametazama sahani, kama anayetafuta mfupa, na aliuchelewesha mlo ule kuliko nilivyowahi kuona mlo ukicheleweshwa.

Waliondoka naye mchana ule ule, baada ya Nesi kurudi na kuandika ruhusa. Lile bakuli walilisahau, au Mama Jilala alitaka kulisahau. Wodi ililitumia miaka mingi kuwekea chumvi. Nesi aliponiuliza nilisema nini, nilishindwa kusimulia. Aliinama akanitazama usoni, akasema, "Umeongea, Kabula," kama mtu anayeona mvua. Nilikwenda wodini kila Jumatano mpaka alipostaafu, na baadaye nikawafundisha wengine waliotoka vitanda vile jinsi ya kukaa. Nimeolewa, nimelima, nimelea, nami nashukuru kwa yote. Lakini nikiulizwa ni siku gani nilikuwa mkubwa kuliko kimo changu, ni ile.

Siku ile jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipofika nyumbani. Wanawake walikuwa wamekwisha kukaa, sahani katikati, na karibu na mafiga kigoda changu na bakuli langu la maua vilikuwa vinanisubiri, ugali unatoa mvuke. "Chakula chako hicho," mama akasema.

"Nakiona, mama."

Nikanawa mikono. Nikalichukua bakuli, nikaja nalo mpaka walipokaa, nikalimimina lote kwenye sahani yao, vile nilivyoona likimiminwa mchana, na nikabaki nimesimama kwa sababu hapakuwa na nafasi. Shangazi aliacha hadithi yake katikati. Mama alilitazama bakuli tupu mkononi mwangu, akalitazama ua la katikati, kisha akanitazama mimi, na midomo yake ikacheza kama anayetaka kusema mambo mengi. Mwishowe akawageukia wadogo zangu. "Sogeeni basi," akasema. "Mmekaa kama viti mmevilipia."

Wakasogea. Niliketi kati ya mama na shangazi, goti langu juu ya goti la mama, na shangazi akaianza upya ile hadithi ili nami niisikie kutoka mwanzo. Bakuli lilipelekwa uani. Kuku walilinywea maji miaka mingi, mpaka maua yakafutika.